Mchoro wa Mkono wa Chini

Matai,
6 Juni 1993

Mpwa wangu Modesti,

Salamu zako nimezipata kwa Marselino wa lori, pamoja na kilo mbili za sukari. Sukari imekwisha, salamu bado ninazo. Sisi hatujambo. Baridi imeanza na upepo wake, na binti yangu Justina analala na koti langu la kazi.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Unalijua lile gari nililolianza nilipotoka karakana ya misheni. Watu wa hapa wanaliita jeneza la watu wawili, kwa kuwa liko chini na lina viti viwili tu. Waache waseme. Chasisi imekamilika, injini ya Pijo imekaa mahali pake, usukani upo. Kinachokosekana ni mikono ya mbele, ile ambayo mafundi tunaiita wishiboni. Kila gurudumu linashikwa na mikono miwili ya chuma yenye umbo la herufi A, mmoja juu na mmoja chini. Ncha ya A inashika gurudumu, miguu yake miwili inashika chasisi. Nilipata mikono ya gari bovu kule Tunduma, maana tangu wafungue biashara Tunduma kuna kila kitu, lakini ni mirefu mno. Nikiifunga, gari litasimama juu kama mbuzi aliyesikia mbwa.

Nimetengeneza mfano kwa vijiti na misumari nione gurudumu linavyopanda na kushuka. Mikono ikilingana urefu, gari likilala kwenye kona gurudumu nalo linalala. Nikiufupisha wa juu, gurudumu linakanyaga vizuri. Ufupi kiasi gani na bomba la unene gani, hapo ndipo ujuzi wangu unapoishia. Wewe umesoma hesabu za nguvu mpaka kidato cha sita. Nichoree. Ukimaliza, mpe mhandisi wenu, Bwana Polikarp, auangalie. Hata dakika kumi zinatosha.

Utaniuliza gari la spoti la nini. Miaka ishirini na miwili nimetengeneza magari ya kubeba: mahindi, mapadre, wagonjwa, saruji. Nataka kutengeneza moja lisilobeba kitu.

Mjomba wako,
Kasimiri


Izia, Sumbawanga,
21 Juni 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipata na nimeisoma kwa makini. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kwanza niwe na jambo la kukueleza.

Nimeanza kukokotoa. Nimekadiria gari lako lina kilo mia sita na hamsini, na kwamba kila gurudumu la mbele linabeba mia na hamsini. Kwa sababu ya mashimo ya barabara nimezidisha mara tatu. Mkono wa chini nimeupa urefu wa mili 340 na wa juu mili 240. Nimetumia kanuni tuliyofundishwa ya kenchi za paa, ambapo kila mti unasukumwa au unavutwa kwa urefu wake. Kwa hesabu hiyo bomba la mili 25, lenye unene wa mili mbili na nusu, linatosha na kubaki. Tafadhali usianze kukata chochote. Nataka kurudia hesabu zote tangu mwanzo kwa karatasi mpya, bila kutazama ile ya kwanza.

Hapa ofisini hali si nzuri. Limekuja tangazo kwamba kila idara ipunguze watu. Orodha inaandaliwa na hakuna anayejua nani yumo. Makarani tuko wanne. Mzee Abel amekwisha kubeba kalamu zake nyumbani, anasema hataki siku ya mwisho zihesabiwe kama mali ya ofisi. Mimi ndiye mdogo kuliko wote kwa umri na kwa miaka ya kazi. Natembea nikiwa nimeshika faili hata kama sina pa kulipeleka.

Kuhusu Bwana Polikarp, ni mtu mwenye shughuli nyingi. Nitatafuta siku atakayokuwa na nafasi.

Msalimie dada Justina.

Mpwa wako,
Modesti


Matai,
4 Julai 1993

Modesti,

Mtu mwenye shughuli nyingi! Kwani anakula? Analala? Basi ana dakika kumi.

Wiki ya pili sasa nakusubiri. Marselino aliniambia Ijumaa alikukuta umesimama kwenye korido mbele ya mlango wa mhandisi, karatasi mkononi, akakusalimu, ukamjibu kwa kunong'ona kama mtu aliye kanisani. Alipotoka kufuatilia kibali chake bado ulikuwa pale pale. Mpwa wangu, hata mshenga wa posa hasimami mlangoni hivyo! Gonga. Akisema hapana, rudi. Kuna lingine?

Mimi siwezi kuchomelea bila karatasi yako. Nimekwisha kupata bomba, zuri, halina mshono. Nimetengeneza na kitanda, ndivyo ninavyokiita: ni bamba nene lenye vigingi, mabomba yanalazwa humo na kubanwa kabla ya kuchomelewa, ili mikono yote minne itoke sawa. Kitanda kipo na shuka limetandikwa. Bibi harusi yuko wapi?

Nakutania. Lakini mvua ikianza kabla sijaendesha, gari litakaa chini ya turubai mpaka mwakani, na sina uhakika mwakani nitakuwa na macho haya haya.

Kasimiri


Sumbawanga,
15 Julai 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utapata mchoro wa mikono ya mbele, karatasi mbili. Mkono wa juu uko karatasi ya kwanza na wa chini karatasi ya pili. Vipimo vyote ni kwa mili. Mahali pa kufungia shokamzoba pameonyeshwa kwenye mkono wa chini, mili 200 kutoka kwenye bushi.

Mchoro umepitiwa.

Nakutakia kazi njema.

Mpwa wako,
Modesti


Matai,
1 Agosti 1993

Kaka Modesti,

Mambo? Najua utajibu "salama, namshukuru Mungu" kwa sentensi nzima yenye nukta, kwa hiyo sisubiri.

Barua yako imefanya sherehe hapa. Baba alipofungua bahasha na kuona muhuri, alivua kofia. Akakaa. Akaniita, akamwita jirani, akamwita na yule mwuza mafuta ya taa ambaye hakuwa na habari yoyote. Akawaonyesha: "Someni hapo chini. K.n.y. Mhandisi. Kwa niaba ya. Maana yake mhandisi mwenyewe amesema, ila mkono wake ulikuwa na kazi nyingine."

Nikamwambia, "Baba, mbona huo ni mwandiko wa kaka Modesti?"

"Mwandiko ni wake. Muhuri ni wake?"

Sasa mchoro umebandikwa ukutani, na kila anayeingia lazima ausalimie.

Kazi imekwenda haraka. Siku chache kabla bahasha haijafika, alikuwa amechoka kusubiri, akaunda mkono mmoja wa chini kwa vipimo vya barua yako ya Juni. Chini yake, pale shokamzoba inapokaa, alichomelea bamba alilokata kwenye plau ya trekta. Alisema vidole vyake vinamwambia bomba litachoka pale. Mchoro ulipofika akaulaza kando ya ule mkono. Kwenye mchoro hakuna bamba. Akauzunguka mara tatu kama mnunuzi wa ng'ombe. Kisha akachukua msumeno.

Nikamwuliza, "Baba, unalikata la nini? Likikaa litadhuru nini?"

Akasema, "Mimi ni nani wa kuongeza chuma mahali mhandisi ameona hapana haja? Uzito wa bure huo."

Alikata asubuhi nzima, akasugua kwa tupa mpaka usingejua palikuwa na kitu. Mikono minne yote sasa imefanana. Nimeipaka rangi mimi, nyekundu, tabaka mbili.

Halafu nina siri. Nitakayeendesha ni mimi. Baba haoni vizuri jua likimpiga usoni, ila hataki lisemwe. Amenifundisha kwa trekta ya misheni na sasa nazunguka uwanja wa mpira kila jioni kwenye chasisi tupu bila bodi, watoto wanakimbia nyuma. Kaka, gari liko chini mpaka unaona majani kwa usawa wa macho! Usimwambie nimekuambia habari za macho yake.

Siku moja utakuja nikupakie, ukiweza kuacha faili.

Dada yako,
Justina


Sumbawanga,
6 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Nimeagizwa nikujulishe kwamba Bwana Mhandisi, baada ya kuutafakari mchoro kwa mara ya pili, ameona ni vema mkono wa chini uongezewe bamba la chuma upande wa chini, mahali shokamzoba inapofungwa. Anashauri gari lisiendeshwe kabisa, hata uwanjani, mpaka bamba hilo litakapowekwa kwenye mikono yote miwili ya chini.

Naomba ulifanye jambo hili mara tu upatapo barua hii.

Mpwa wako,
Modesti


Matai,
17 Agosti 1993

Modesti,

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Marselino, naye akaishika juani kuona kama kuna kitu ndani ya karatasi. Hakuna.

Muhuri uko wapi?

Mhandisi akipitisha jambo kwa muhuri, analibadilisha kwa muhuri. Hilo hata mimi wa gereji nalijua. Haiwezekani karatasi yenye muhuri ifutwe na karatasi ya daftari. Kama ameagiza kweli, mwambie apige. Kama hakuagiza, basi ni wewe umeanza kuogopa kama kawaida yako, na unamsingizia mtu mzima wa watu. Nakujua. Ulipokuwa darasa la tano ulirudi shuleni jioni kuhakikisha umeandika jina lako kwenye karatasi ya mtihani.

Usiwe na hofu. Tumelipakia gari magunia matatu ya mahindi, nami nikapanda juu ya magunia nikarukaruka mbele ya watu. Mikono haikupinda hata unywele. Mhandisi wako anajua kazi.

Bodi imefungwa juzi. Ijumaa tarehe 27 tunakuja Sumbawanga. Tutapita mbele ya ofisi yenu kabla ya saa sita, na nitaingia kumshukuru Bwana Polikarp kwa mkono wangu. Nimemwekea debe la maharage. Nataka atoke nje alione, na akitaka atapanda, azungushwe mjini.

Wewe vaa shati safi.

Kasimiri


Sumbawanga,
20 Agosti 1993

Kwa Mhandisi,
Ofisini.

Ndugu,

YAH: KUTUMIA MUHURI WA OFISI BILA IDHINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi, karani wa masijala, tarehe 15 Julai mwaka huu nilipiga muhuri wa ofisi juu ya mchoro usio wa ofisi, nikatia sahihi kwa niaba yako. Mchoro ni wa mikono ya mbele ya gari ambalo mjomba wangu, fundi Kasimiri wa Matai, amelitengeneza mwenyewe. Wewe hukuuona mchoro huo wala hukuombwa kuuona.

Mkono wa chini katika mchoro huo una kosa. Nimeambatanisha hesabu ya kwanza na hesabu sahihi. Gari litaendeshwa kuja mjini tarehe 27 na mtu ambaye hajui haya. Nimejaribu kumzuia kwa barua nyingine ya uongo na nimeshindwa, kwa kuwa anaamini muhuri.

Sina ombi kwa ajili yangu. Naomba karatasi moja yenye sahihi yako mwenyewe.

Nitashukuru kusaidiwa kabla ya lori la Jumanne.

Wako mtiifu,
Modesti, Karani


Sumbawanga,
23 Agosti 1993

Kwa Fundi Kasimiri,
Matai.

YAH: MCHORO WA TAREHE 15 JULAI 1993

1. Mchoro huo haukupitiwa nami. Muhuri ulipigwa bila idhini yangu. Tafadhali uhesabu kuwa haupo.

2. Nimeuangalia tangu Ijumaa. Mkono wa juu unafaa. Mkono wa chini haufai kwa barabara yoyote ninayoijua.

3. Nimeelezwa kwamba ulikuwa umeweka bamba chini ya mkono huo kabla ya kuliondoa. Lirudishe, kulia na kushoto. Unene usipungue mili nne. Lishike mabomba yote mawili na lipite mahali pa shokamzoba kwa mili themanini kila upande. Bomba lililokwisha kutumika lisitumike tena.

4. Ulikuwa sahihi kabla hujapata karatasi yetu.

Polikarp,
Mhandisi
(Muhuri)


Sumbawanga,
23 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Soma kwanza karatasi ya mhandisi. Ina muhuri, na muhuri huo ameupiga yeye, nikiwa nimesimama mbele yake. Halafu, kama bado unataka, soma hii. Ila kabla ya yote, kama gari linatembea, mwambie Justina alizime.

Nilikudanganya mara mbili.

Mara ya kwanza ni Julai. Ulisema Marselino alinikuta mlangoni. Nilisimama pale siku nyingi kuliko aliyonikuta. Nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapata mlango ulikuwa umefungwa, au umefunguliwa, au ndani kulikuwa na mtu, au hakukuwa na mtu. Niliwaza kwamba orodha inaandaliwa, na karani anayemletea mhandisi mchoro wa gari la mjomba wake ni karani asiye na kazi za kutosha. Barua yako ya Julai ilipokuja niliona aibu. Siku iliyofuata nilikuwa napiga mihuri barua za kawaida, arobaini hivi, zote k.n.y., kwa sababu ndivyo tunavyofanya kila siku na hakuna anayeuliza. Mchoro wako ulikuwa wa arobaini na moja. Mkono wangu haukusita. Nimejaribu kukumbuka kama ulisita, ili nijisikie vizuri zaidi. Haukusita.

Nikakuandikia "mchoro umepitiwa". Sikuandika na nani.

Mara ya pili ni barua ya Agosti. Justina alinieleza jinsi ulivyolikata bamba. Nilisoma barua yake kwenye korido nikacheka mahali alipotaka nicheke, na nilipofika kwenye msumeno nikaacha kucheka. Nikajiuliza vidole vyako vimeona nini ambacho hesabu yangu haikukiona. Usiku huo nilipanga karatasi zote kitandani, na kufika alfajiri nilikuwa nimejua.

Nilihesabu mkono wako kama kenchi. Kwenye kenchi ya paa mzigo unakaa kwenye maungio, pale miti inapokutana, ndiyo maana kila mti unasukumwa au unavutwa tu. Mkono wa juu uko hivyo. Lakini kwenye mkono wa chini shokamzoba haikai kwenye ungio. Inakaa katikati ya bomba. Ni kama fundi wa bati aache kukanyaga kwenye ungio, akanyage katikati ya mti. Mti unapinda. Kwenye shimo, bomba langu linabebeshwa karibu mara moja na nusu ya linachoweza. Magunia yako matatu hayakulipinda kwa sababu magunia yametulia, na wewe hukuruka kwa nguvu ya shimo. Barabara inarukaruka.

Kosa hilo ni la mwanafunzi. Mwalimu angelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kosa jingine ndilo linalonikalia kifuani. Wewe ulikuwa umeliona tatizo, ukaliponya, kisha ukaikata dawa yake kwa mkono wako, asubuhi nzima, kwa heshima ya muhuri nilioupiga kwa woga.

Nilipokuandikia kwamba mhandisi ameagiza bamba, nilidhani nimepata njia: gari litapona na mimi nitapona. Utauliza kwa nini sikupiga muhuri na safari hiyo. Tarehe mbili Agosti mihuri yote ilikusanywa ikafungiwa kwenye droo ya mhandisi kwa sababu ya orodha. Nataka uujue ukweli wote: ningekuwa nao, ningeupiga tena.

Ijumaa niliandika barua ya kuungama. Kugonga bado sikuweza. Nilipiga magoti nikaisukuma chini ya mlango. Kabla sijasimama mlango ukafunguka.

"Viatu hivi," Bwana Polikarp akasema. "Mwezi mzima naviona chini ya mlango huu. Nilidhani ni mtu anasubiri choo."

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Inuka basi, nikuone na sehemu zilizobaki."

Akasoma. Akaomba nakala ya mchoro niliyobaki nayo. Akachukua penseli, akapindua karatasi, akahesabu. Ilimchukua muda mfupi kuliko uliosema. Kisha akauliza, "Huyu mjomba wako bamba aliliweka kwa hesabu gani?" Nikamwambia kwa vidole. Akasema, "Angeleta hivyo vidole ofisini, tungepunguza watu wengi zaidi." Sikujua kama nicheke.

Leo asubuhi aliniita tena. Akanieleza kwamba orodha ilihitaji karani mmoja, na kwamba alikuwa ameshindwa kuchagua kwa wiki tano kwa sababu wote wanne tunafanya kazi vizuri. "Sasa umenisaidia," akasema, bila ukali. Barua yangu ya kuachishwa nimeichapa mwenyewe, kwa kuwa mchapaji yuko likizo. Nakala tatu. Nilisahihisha herufi moja. Namaliza tarehe 30 Septemba.

Nakuomba radhi, wewe na Justina. Sitegemei unijibu.

Mpwa wako,
Modesti


Matai,
29 Agosti 1993

Modesti,

Marselino alifika Jumanne jioni. Justina alikuwa uwanjani anazunguka. Nilisoma karatasi ya mhandisi nikiwa nimesimama, nikaenda katikati ya uwanja nikanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Alizima. Alikasirika sana.

Tulisukuma gari mpaka nyumbani. Jumatano tukaliinua na kukwangua rangi. Mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto, pembeni ya mahali pa shokamzoba, una ufa. Mwembamba, kama unywele kwenye sabuni. Nilimwita Justina auone. Aliuangalia, akaniuliza Matai mpaka Sumbawanga kuna mashimo mangapi. Akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Nimekaa siku nne kabla ya kushika kalamu. Siku mbili za kwanza ungepata barua nyingine.

Kosa la hesabu sikuhesabii. Nimekosea mara nyingi kuliko umri wako. Muhuri nao, sawa, umeulipia kwa kazi yako, sina la kuongeza. Lakini ulipokea barua ya Justina ukajua, na baada ya kujua ukakaa wiki mbili ukitafuta namna ya kumwokoa bila wewe kuumia. Wiki mbili hizo alikuwa anazunguka uwanja kila jioni. Hilo nitalikumbuka, sikufichi.

Na mimi nina langu. Babu yangu alifua majembe bila kusoma herufi moja, na jembe lake hakuna aliyelirudisha. Mimi mjukuu wake niliona karatasi yenye muhuri nikavitukana vidole vyangu mbele ya mtoto. Hakuna aliyenishika mkono. Msumeno niliushika mwenyewe. Kwa hiyo tuko wawili, na aliyebaki msafi ni Justina, ambaye aliuliza swali la maana kuhusu bamba na hakusikilizwa.

Nimekata bomba jipya. Kitanda ni kile kile. Bamba ni mili tano, si nne. Hizo nne ni za mhandisi, ya tano ni yangu. Mikono itakuwa tayari kabla ya tarehe kumi. Tutatoka Jumamosi tarehe 18 Septemba. Ofisini kwenu hatutapita. Maharage tumekula.

Sasa sikia. Kwenye karakana tulikuwa na sheria moja: aliyefunga breki ndiye anayepanda siku ya kwanza. Si adhabu. Inamfanya mtu akaze nati ya mwisho. Gari lina viti viwili. Cha kulia ni cha Justina, na hilo la macho yangu amekwisha kukuambia, najua, anadhani sijui. Cha pili nilikuwa nimejiwekea mimi. Lakini mimi nimechomelea tu. Aliyechora ni wewe. Nitafuata nyuma na lori la Marselino.

Njoo Ijumaa ya tarehe 17 ulale hapa. Au usije. Ukija, njoo na mchoro mpya wa mkono wa chini, wenye bamba, na jina lako chini yake. Usipokuja, nitapanda mimi na sitakuuliza sababu.

Kasimiri

Kaka, ni Justina. Baba ameniachia nafasi hii ndogo. Nilikukasirikia kwa jioni kumi na nane, nimezihesabu. Nitaendesha taratibu mpaka utakapoanza kupumua, halafu sitaahidi kitu.


Izia, Sumbawanga,
8 Septemba 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Mchoro mpya uko tayari. Nimeuhesabu mara tatu, kila mara kwa karatasi mpya, na mara ya nne nilimpa Mzee Abel anisomee namba kwa sauti huku nikizihakiki. Pamoja na bamba lako la mili tano mkono unabeba zaidi ya mara mbili ya tunachohitaji. Nimeandika jina langu lote, la kwanza na la pili, kwa herufi zinazosomeka.

Uliyoyasema kuhusu zile wiki mbili ni kweli. Nimejaribu kuandika maelezo yake hapa na nimechana karatasi mbili. Sina maelezo. Nilijua, nikanyamaza, naye alikuwa anaendesha.

Nimemwomba Marselino aniwekee nafasi Ijumaa. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba nitarudi Jumapili, nikaona anavyonitazama, nikatambua nilikuwa nimelisema kama swali.

Ninaogopa, Mjomba. Naogopa lile shimo kubwa kabla ya daraja la magogo, na naogopa mteremko baada yake. Naogopa pia kwamba nitamwomba Justina asimamishe gari mbele za watu. Hesabu nimezimaliza na hazikuondoa hata moja kati ya hizo.

Upande wenye ufa ulikuwa wa kushoto. Usukani uko kulia, kwa hiyo nafasi yangu ndiyo hiyo, juu ya mkono wa upande huo huo. Nitakaa kushoto.

Mpwa wako,
Modesti Kapele